Karatasi Mbili za Moyo wa Springi

Mbele ya kibanda cha Springi, fundi makochi, pana kochi refu la rangi ya ugoro ambalo mwenye nalo alilileta litiwe springi mpya, likatiwa, naye akapotelea huko alikopotelea. Tangu hapo kochi halijakaa tupu hata siku moja. Kushoto hukaa Volti, fundi umeme, kwa sababu upande huo mkono wa kochi ni wa mbao na unafaa kuwekea koleo. Katikati huzama Profesa, muuza vitabu vilivyokwisha kusomwa na wengine, ambaye husoma kila kitabu mpaka atokee mteja akinunue. Ndiyo maana anajua mwanzo wa mambo yote, na mwisho wa hata moja haujui. Kulia ni Mama Vocha na mwavuli wake wa kuuzia vocha za simu. Mbele yao, juu ya kigoda, yupo Birika, muuza kahawa, na jiko lake la makaa, vikombe vikigongana mkononi. Sheria ya kijiwe ni moja na haijaandikwa popote: neno "sijui" halinywi kahawa. Ukiulizwa jambo, liwe la mbinguni au la bombani, jibu. Ukishindwa, kikombe chako kinapinduliwa mbele ya watu, na utachekwa mpaka jua lichoke.

Asubuhi hiyo Springi alirudi kutoka hospitali mapema mno. Alikuwa amekwenda kupimwa umeme wa moyo, kama alivyoagizwa kufanya kila baada ya miezi michache tangu siku ile kifua kilipomkaba akiwa anavuta ngozi ya kiti, akaanguka chali, na hawa hawa wa kijiweni wakambeba kwa mkokoteni mbio mbio. Waendao hospitali hurudi mchana, wamechoka, wana vidonge kwenye bahasha. Yeye alirudi kahawa ya kwanza haijachemka, vifungo vya shati vimepishana, mfuko umetuna. Akaingia kibandani bila salamu. Akashika nyundo, akaiweka. Akatunga uzi kwenye ile sindano ndefu ya makochi, akauchomoa. Simu ikaita. Akaitazama namba, akainyamazisha.

– Springi! akaita Mama Vocha. Salamu nazo zimepanda bei?

– Nisamehe, mama. Habari za asubuhi.

– Za asubuhi tunazo sisi. Za hospitali unazo wewe.

– Shwari tu.

– Shwari gani hiyo inayozunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia? Njoo ukae.

Akaja, akakaa kwenye ncha ya kochi, akainuka, akakaa tena. Simu ikaita. Safari hii alipokea, akageukia ukuta.

– Naam, mama watoto... Bado, bado. Niko kwenye foleni... Ndefu kweli kweli. Sawa.

Volti akageuza shingo kushoto, akageuza kulia, akatazama barabara tupu.

– Kaka, samahani. Katika foleni hii aliye mbele yako ni nani, mimi au Profesa?

Wakacheka. Springi hakucheka. Hakuwa mwongo wa mazoea. Alikuwa mtu wa ibada, na uongo ukimtoka ulimwachia mdomoni ladha kama ya msumari. Na huu haukuwa wa kwanza asubuhi hiyo. Alfajiri alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda akamwomba Mungu amwonyeshe hali ya moyo wake, iwe heri iwe shari, ataipokea. Mungu akamsikiliza upesi kuliko alivyotaka. Daktari wake, binti wa rika la mwanawe wa kwanza, aliilaza karatasi mpya kando ya ile ya siku ya mkokoteni. Ndivyo alivyofanya kila mara, na tangu mwanzo alikuwa amemweleza sababu: "Baba, hii ya zamani usiitupe. Moyo ulioumia mara nyingine huonyesha jambo kwenye karatasi kabla haujalisema kwa maumivu. Tukilinganisha, tunajua nani wa kumwangalia kwa karibu na nani wa kumwacha atembee." Leo alilinganisha, akanyamaza. Akaisogeza ile mpya dirishani, akaitazama tena. Kisha akasema, "Baba, usiondoke. Nakuja na mwenzangu tuzungumze."

Alipotoka tu, Springi akazikunja karatasi zote mbili, akazitia mfukoni, akatoka kwa mlango wa chumba cha kufulia mashuka.

Sasa mfuko ulikuwa unamuunguza. Akazitoa, akaziweka juu ya stuli mbele ya wenzake, akiwa amekunja kwa ndani pembe zenye tarehe.

– Haya, akasema. Nyinyi ni watu wa maarifa. Moyo wangu huo. Moja ya zamani, moja ya leo. Someni.

Vichwa vinne vikainama pamoja hadi vikagongana. Karatasi zilikuwa za rangi ya waridi, zimejaa vyumba vidogo vidogo, na katikati ya vyumba mstari mweusi ukipanda na kushuka. Kwenye moja ulipanda juu sana, vilele vipana vimeshikana mabega. Kwenye nyingine ulikwenda chini chini, mara ukapanuka, mara ukaruka hatua, kama mtu anayetembea huku anawaza.

– Nipisheni, akasema Volti. Ni jambo la umeme, basi ni langu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

– Mgeni hapo nani?

– Umeme. Umeingia mwilini, mwenyeji atapona. Tazameni hii yenye milima. Huo ni moto wa kutosha! Unawasha taa, unawasha pasi, jirani anaunga na bado unabaki. Sasa hii ya pili ni nyumba yenye waya uliolegea mahali. Taa inafinya jicho, inafumbua, inafinya.

– Na dawa yake? akauliza Springi.

– Waya wa ardhini. Wewe unavaa viatu vya soli nene, umeme wako hauna pa kutulia. Vua viatu.

Springi akajikuta ameinama, kidole kwenye gidamu ya kiatu, kabla hajajizuia.

– Volti, akasema Profesa, wewe mwachie Mungu umeme. Mimi nilisoma kitabu kizima cha tiba.

– Kizima?

– Nilifika mfupa wa bega, akaja mtu akakinunua.

– Basi kwenye moyo hukufika.

– Bega na moyo ni majirani. Huwezi kusoma habari za mtu usisikie za jirani yake. Sikilizeni. Kitu cha maana hapa si mstari, ni hivi vyumba. Mnadhani karatasi imechorwa vyumba kwa urembo? Hiyo ni kalenda. Kila chumba kikubwa ni mwaka. Moyo unapita humo kama mpangaji, na daktari anahesabu tu vyumba vilivyobaki. Ndivyo wanavyojua mgonjwa yupi ana hatari na yupi hana.

Springi akapeleka kidole kwenye ile ya chini chini. Kidole kikapita chumba, kikapita chumba, kikafika ukingoni.

– Na hapa, Profesa? Hapa ilipokatwa?

Profesa akafungua mdomo. Sheria ya kijiwe ikamtazama.

– Hapo... hapo mashine iliishiwa karatasi.

– Au mimi ndiye niliyeishiwa?

– Funga domo lako, Profesa! akafoka Mama Vocha. Mtu ametoka kitandani kwa neema ya Mungu, wewe unampimia kaburi kwa vyumba. Springi, mwanangu, usimsikilize. Huu ni mtandao. Mimi vitu hivi naviona kila siku. Hii yenye milima, mtandao umejaa, unaongea hata ng'ambo. Hii nyingine unakatakata: halo, halo, unanisikia? Kosa si la moyo, ni la hiki kibanda cha mabati. Bati linazuia. Hama, utafute ghorofa.

– Ghorofa na moyo huu, nitapandaje ngazi?

– Utapanda polepole. Si wanasema mwenda pole hajikwai?

– Kwenye ngazi ndiko wanakojikwaa, mama.

Simu ikaita tena. Namba ile aliyoinyamazisha mwanzo, ya simu ya mezani. Springi akaipindua kifudifudi kwenye mkono wa kochi, na mbao ikatetemeka chini ya koleo za Volti mpaka simu ikachoka.

– Mteja? akauliza Birika.

– Mteja.

– Mteja mwenye subira huyo.

Springi akasimama, akaenda hadi mlangoni, akarudi. Upepo wa barabarani ulianza kuinua pembe za karatasi, naye akawa anazibonyeza, huku zikiinuka kwingine.

– Mimi nasema kosa ni la Birika, akasema Volti. Hii mistari inayorukaruka ni kahawa. Kila siku unamnywesha mgonjwa wa moyo uchungu mweusi kama lami.

Birika akaweka vikombe chini. Alikuwa mtu mpole, lakini kahawa yake ilikuwa kama mke wake. Wewe unaweza kumsema yeye mwenyewe, usiiseme hiyo.

– Kahawa yangu? Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Moyo uliokunywa kahawa umejaa, hauvumi. Mtikiseni muone kama atalia.

– Na tangu lini daktari akamruhusu?

– Alimruhusu kikombe kimoja. Cha pili hadi cha nne namruhusu mimi.

– Jamani, akasema Springi. Niambieni jambo moja tu. Niko katika hatari au siko?

Volti akamwekea mkono begani, na uso wake ukawa wa mtu anayetaka kusema jambo zito.

– Kaka, siku ya mtu anaijua Mungu peke yake. Mashine itaijuaje? Aliyetakiwa kuondoka ataondoka, hata akipimwa mara mia.

Springi akalidaka neno hilo kwa mikono miwili. Ndiyo, akajisemea, nani ataongeza pumzi kwa kukaa kwenye kiti cha hospitali? Neno lilikuwa la kweli, hakuna mcha Mungu atakayelipinga. Lakini maneno ya kweli nayo yana milango ya nyuma, na Springi alijua kwamba hakuwa ameingia kwenye neno hilo kuabudu. Alikuwa ameingia kujificha.

– Na mvua nayo anaijua Mungu, akasema Mama Vocha. Mbona ukiona wingu unaanua nguo?

– Naanua, kwani nguo ni za mke wangu!

Wakacheka tena, wakapata nguvu, na hukumu ikaanza kukusanywa. Profesa akasimama kama hakimu, akainua ile karatasi yenye milima, akaigeuzia jua.

– Kijiwe kimesikiliza pande zote. Volti?

– Hii ndiyo ya leo. Moto umerudi.

– Mama?

– Ya leo. Mtandao umejaa.

– Birika?

– Ya leo. Hiyo ni kahawa yangu inavyofanya kazi.

– Nami nasema ya leo. Tazameni vilele hivi! Huu ni moyo wa simba aliyeshiba. Hii nyingine dhaifu ndiyo ya siku ile alipoanguka, hata mtoto angeijua. Mheshimiwa Springi, ulikuwa mgonjwa, sasa hu mgonjwa. Umepona!

– Umepona! wakaitikia, wakampigia makofi.

– Kahawa kwa wote, akasema Birika, nami natoa sadaka!

Springi akabaki amesimama katikati ya makofi. Hivyo ndivyo alivyotaka kusikia tangu alipopita ule mlango wa mashuka. Ndivyo hasa, neno kwa neno. Kilichobaki ni kukaa, kunywa, kumpigia mama watoto amwambie foleni imekwisha na majibu ni mazuri. Mkono wake ukanyooka kupokea kikombe, na ukakishika vibaya hata kahawa ikamwagika kwenye kidole gumba. Hakusikia moto.

Upepo ukavuma kwa nguvu. Karatasi ya chini chini ikaruka kutoka kwenye stuli. Birika akaidaka hewani, akairudisha, akaikandamiza kwa kitu kilichokuwa karibu na mkono wake.

– Tulia hapo, akaiambia.

Kilichokuwa karibu na mkono wake kilikuwa birika lenyewe la kahawa, limetoka jikoni sasa hivi.

Alipoliinua kumjazia Profesa, Mama Vocha akapiga ukelele. Katikati ya karatasi palikuwa na duara jeusi, jeusi kama sufuria, na mstari wote wa moyo ulioingia humo haukutokea upande wa pili.

– Imeungua!

– Haijaungua, akasema Volti, akiigusa kwa ncha ya kidole. Hizi huandikwa kwa joto, kama risiti za dukani. Ukizipa joto zaidi zinajiandika zote. Usijali, kaka, si ni ile ya zamani? Ya leo iko salama mkononi mwa hakimu.

– Hiyo ndiyo ya leo!

Sauti ya Springi ilipasuka hata wapita njia wakageuka. Akainyakua karatasi, akaikunjua pembe, akawaonyesha tarehe.

– Ya leo ni hii. Na hiyo yenye milima, Profesa, hiyo ya simba aliyeshiba... fungua pembe. Soma mwenyewe.

Profesa akafungua. Midomo yake ikatembea bila sauti. Akampa Volti, Volti akampa Mama Vocha.

– Ni ya siku ya mkokoteni, akasema Springi. Ile milima mliyoipigia makofi ndiyo iliyokuwa inaniua.

Volti alikumbuka alivyosukuma mkokoteni ule kiatu kimoja kikiwa kimemtoka njiani. Mama Vocha alikumbuka rangi ya uso wa Springi siku hiyo, jivu tupu. Birika akalitazama birika lake kana kwamba ni mnyama aliyemng'ata mgeni.

– Kwa kweli, akaanza Profesa, hata mimi mwanzoni nilitaka kusema...

– Nyamaza, mwanangu, akasema Mama Vocha kwa upole, na hilo lilikuwa baya kuliko kufokewa.

Hapo ndipo alipotokea mwanamke mmoja mwenye mkoba begani, akasimama mbele yao akiwatazama walivyokaa, kisha akatazama walichokikalia.

– Samahanini. Fundi makochi ni nani? Hilo si kochi langu?

Wakainuka wote kwa mkupuo mmoja kama waliokalia moto. Volti akapangusa makombo. Profesa akapangusa mahali ambapo hapakuwa na kitu.

– Ni lako, mama, akasema Springi. Tulikuwa... tunalijaribu springi.

– Nilisafiri kumuuguza mama yangu. Nikajua mtakuwa mmeliuza. Mbona mmenyamaza hivyo, kuna msiba?

– Hapana, dada, akasema Mama Vocha. Fundi wetu amepimwa moyo leo. Ana karatasi hizo. Tulikuwa tunamsomea.

Mwanamke akazitazama karatasi, ile ya milima na ile yenye duara jeusi. Hakujifanya anazielewa. Akamtazama Springi.

– Pole sana, baba. Na daktari amesemaje?

Volti akamtazama Profesa. Profesa akamtazama Mama Vocha. Mama Vocha akamgeukia Springi, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ikawajia wote pamoja kwamba hilo hawakuliuliza. Walikuwa wamepita waya wa ardhini, wakapita kalenda, wakapita mabati na kahawa, na mlango uliokuwa wazi mbele ya macho yao hakuna aliyeugusa.

– Kweli, Springi, akasema Birika polepole. Alisemaje?

Springi akakaa. Si kwenye kochi, kwani halikuwa lake. Alikaa juu ya kisanduku chake cha misumari.

– Sijui, akasema.

Neno likaanguka katikati ya kijiwe, ambako halikuwahi kuanguka. Kikombe chake kilikuwa pale juu ya stuli, nusu kimejaa. Birika akakitazama, lakini mkono wake haukukigusa.

– Aliniambia nisubiri, anarudi na mwenzake. Sikusubiri. Nilimwomba Mungu jibu, na jibu lilipovaa viatu lije kwangu mimi nikatoka kwa mlango wa kufulia. Mke wangu anajua niko kwenye foleni. Nyinyi mlijua nina majibu. Sina. Ninachokijua ni kwamba yule binti alinyamaza, na yeye aliyezoea kunitania leo hakutania. Hayo tu.

– Na yule mteja? akauliza Volti. Wa namba ya mezani?

Springi akatikisa kichwa: hakuwa mteja, ilikuwa hospitali. Volti akazikusanya koleo zake, akazitia mfukoni.

– Mkokoteni uko kwa muuza maji. Nikauchukue?

– Mkokoteni wa nini? Nina miguu.

– Miguu uliyokimbilia ndiyo hiyo hiyo. Nitaleta pikipiki.

– Na hii karatasi? akasema Birika, na machozi yalikuwa karibu. Nimeiharibu, kaka. Nimelifuta neno la daktari.

– Moyo wenyewe bado ninao, akasema Springi. Watauandika upya.

Akasema hivyo kwa uhakika mkubwa kuliko aliokuwa nao, kwa kuwa ndani ya kifua kitu kiliruka hatua, kikatua, kikaruka tena, na hakujua kama ni ile hatari au ni woga tu. Akafungua vifungo vya shati vilivyopishana, akavifunga kimoja kimoja, kila kimoja kwenye tundu lake.

– Mama Vocha, nisaidie. Mpigie mama watoto nyumbani. Mwambie nimemdanganya, anikute hospitali. Akitukana, mwache atukane.

– Atatukana sana.

– Ana haki.

Simu ikatetemeka kwenye mkono wa kochi. Ile namba. Yule mwanamke mwenye kochi ndiye aliyekuwa karibu. Akaichukua, akampa Springi. Volti aliyekuwa ameshafika ng'ambo ya barabara akasimama. Profesa akaishika karatasi ya milima kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu aliyeshikishwa mtoto mchanga.

Springi akabonyeza, akaiweka sikioni.

– Naam. Ndiye mimi, niliyetoroka... Hapana, sijaanguka. Niko kando ya kochi la watu.

Akasikiliza kidogo, akafumba macho.

– Nakuja, dokta. Nakuja sasa hivi. Lakini kabla sijafika, nisije nikageuka njiani... ulitaka kuniambia nini?